Kulinda Kuku wa Kienyeji Dhidi ya Kicheche, Mwewe, Nyoka na Wengineo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kuku wa kienyeji ni akiba iliyo karibu na mkono. Mtoto akirudishwa shule kwa kukosa daftari, anauzwa kuku; mgeni akifika bila taarifa, anachinjwa kuku. Katika nyumba nyingi ndiyo mali pekee ambayo mama anaiuza bila kumwomba mtu ruhusa. Ndiyo maana inauma sana kuamka asubuhi na kukuta banda zima limemalizwa usiku mmoja. Majibu haya ni ya mfugaji mwenye kuku wachache, anayewaachia mchana watafute na kuwalaza ndani usiku. Msimamo wangu ni mmoja: fedha na nguvu zako zitangulie kwenye banda na mlango. Kumwinda mnyama kuje mwisho kabisa, na mara nyingi hutahitaji kufika huko.

Nimekuta kuku wamekufa bandani. Nitajuaje ni mnyama gani?

Usifagie kwanza. Wengi huanza kwa kutupa mizoga na kumwaga maji, kumbe ushahidi wote uko pale chini. Angalia kilichobaki, kilichopotea na pa kuingilia.

Ukikuta kuku kadhaa wamekufa lakini miili haijaliwa, wana matundu madogo ya meno shingoni au nyuma ya kichwa, fikiria kicheche, kanu (yule mwenye madoa na mkia mrefu) au nguchiro. Kanu mara nyingi hula kichwa na shingo akaacha mwili. Kicheche huacha harufu kali inayokaa bandani hata baada ya kusafisha. Nguchiro wa aina nyingi hutembea mchana, ila yule mkubwa mwenye mkia mweupe hutoka usiku, na ndiye mgeni wa mara kwa mara wa mabanda.

Kuku mzima ametoweka na manyoya yamedondoka njia nzima kuelekea kichakani? Hapo ni mondo, paka pori, mbweha au mbwa. Mwizi wa miguu miwili hamwagi manyoya. Utakuta komeo limefunguliwa au kufuli limekatwa. Mbao zikiwa zimeng'olewa, au shimo kubwa limechimbwa chini ya ukuta, huyo ni nyegere. Ana kucha ndefu na nguvu isiyolingana na umbo lake, na banda la fito halimsumbui.

Mayai nayo yana lugha yake. Yakitoweka bila kubaki hata ganda, ni nyoka au kenge. Maganda yaliyopasuliwa ni kazi ya nguchiro, panya, kunguru, au kuku wenyewe waliozoea kudonoa mayai. Kuna nguchiro wanaolishika yai kwa miguu ya mbele na kulirusha kwa nyuma, katikati ya miguu, ligonge jiwe. Ukikuta maganda mengi chini ya jiwe moja, ujue.

Kama hujapata jibu, jioni tandaza majivu au mchanga laini mlangoni na kuzunguka banda. Asubuhi soma nyayo. Za jamii ya paka hazionyeshi kucha, za mbweha na nguchiro zinaonyesha.

Na kama kuku wamekufa bila jeraha, wengine shingo zimepinda, kinyesi ni cha kijani na wanahema kwa shida, acha kumtafuta mnyama. Huo ni mdondo, yaani kideri, unaomaliza kuku wengi kuliko vicheche wote wa kijijini. Muite mtaalamu wa mifugo, na wanaobaki wazima au utakaoanza nao upya wachanjwe.

Kwa nini aue kuku kumi na kula mmoja tu?

Watu huona kama ni chuki, wengine husema ni mkono wa mtu. Sababu iko katika banda lenyewe. Porini, mnyama akikamata ndege mmoja wengine wanakimbia, kazi inaishia hapo. Bandani kuku hawana pa kukimbilia, na gizani hawaoni vizuri, kwa hiyo wanapapatika huku na huko. Kila anayepapatika anaamsha silika ya kuuma. Mnyama anaendelea mpaka pawe kimya.

La muhimu kwako ni hili: amejua njia, na atarudi. Usiku unaofuata shambulio ndio wa hatari kuliko wote. Waliobaki walaze jikoni, stoo, popote penye mlango wa kufungika, hadi upate tundu na kuliziba.

Banda langu lina wavu. Ameingiaje?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote. Wavu wa kuku, ule mwembamba wenye matundu ya pembe sita, kazi yake ni kumzuia kuku asitoke. Hauzuii mnyama kuingia. Meno ya mbwa au nyegere huuchana, na Pwani chumvi ya hewani huula ukaanza kukatika kwenye viungio bila wewe kujua. Asubuhi vuta wavu wako kwa mikono miwili sehemu ya chini, karibu na ardhi; ukisikia unakatika katika vidole vyako, mnyama ataufungua kwa urahisi zaidi.

Unaohitajika ni wavu mzito uliochomelewa, wenye matundu ya nusu inchi, kama milimita 12. Ni ghali, najua. Basi uweke mita moja ya chini tu, juu uendelee na ule mwepesi. Usipoweza hata hivyo, mita hiyo ya chini izibe kwa mabanzi yaliyobanana, matofali au udongo uliosiribwa vizuri. Wavu upigwe misumari ya kupinda, kisha juu yake ubao, maana mnyama hautoboi katikati, anaubandua pembeni.

Halafu kuna juu. Mahali ukuta unapokutana na paa, mawimbi ya bati huacha vipenyo vinavyofuatana, kila kimoja kikubwa kiasi cha kicheche mdogo kupita bila shida. Wafugaji wengi huziba chini kwa bidii na kusahau hapo kabisa. Kanu naye ni mpandaji hodari. Hupanda mti ulioegemea banda, akashukia paani na kuingilia kwenye ukingo. Jaza vipenyo hivyo kwa vipande vya wavu vilivyokunjwa au kwa saruji, na ukate matawi yanayogusa paa.

Jaribio lisilogharimu kitu: ingia bandani saa sita mchana jua likiwa kali, funga mlango, tulia mpaka macho yazoee giza. Kila mahali mwanga unapopenya, weka vidole viwili. Vikipita, kicheche anapita. Usitoke kabla ya kukagua na chini ya mlango, maana kizingiti hulika na ndipo pengo linapokua.

Kwa wachimbaji, fukia wavu sentimita 30 chini ya ardhi kuzunguka banda. Kama ardhi ni ya mawe, ulaze wavu juu ya ardhi kuelekea nje, upana wa nusu mita, na uukandamize kwa mawe. Mnyama huanza kuchimba pale ukuta unapoanzia. Akikuta wavu chini ya kucha, mara nyingi hukata tamaa.

Je, banda la kuinua juu ni bora?

Kwa kuku wachache, ndiyo. Banda dogo juu ya nguzo, kimo cha nusu mita hadi mita moja, linakuepusha na wachimbaji, maji ya mvua na sehemu kubwa ya panya. Lakini nguzo tupu ni ngazi kwa nyoka na kanu. Izungushie kila nguzo kipande cha bati laini, kimo cha sentimita 40 hivi, wakwaruze wateleze. Na ngazi ya kuku iondolewe kila jioni. Ukiiacha, umempa kila mtu njia.

Nifunge saa ngapi?

Kuku hujirudisha wenyewe jua linapozama, kati ya saa 12 na saa 1 jioni katika nchi zetu. Funga mara tu wa mwisho anapoingia, na wahesabu. Usingoje taarifa ya habari iishe. Wanyama wengi wa usiku huanza mizunguko katika ile nusu saa ya kiza chepesi. Kazi hii apewe mtu mmoja anayejulikana, maana ikiwa ya wote, kila mmoja hudhani mwenzake amefunga.

Kuku wangu wanalala juu ya mwembe na wamezoea. Kuna ubaya?

Upo. Kanu anapanda mwembe kuliko wewe, na bundi wakubwa huwachukua kwenye matawi. Wafungie bandani kwa wiki moja hivi mfululizo bila kuwatoa, wape chakula na maji humo humo, na uweke fito za kulalia zilizoinuka, kwa sababu kinachowapeleka mtini ni hamu ya kulala juu. Baada ya hapo wape punje kidogo bandani kila jioni. Wabishi wachache utawakamata kwa mkono usiku wa kwanza na wa pili.

Mwewe wanamaliza vifaranga. Nifanye nini?

Mwezi wa kwanza tangu vifaranga waanguliwe ndio wa msiba, na hatari hupungua kadiri wanavyokaribia wiki ya nane. Mayai yalichukua siku 21 kuanguliwa, halafu kundi zima linapotea ndani ya siku chache kwa sababu mama yao alitoka nao uwanjani peupe. Kwa mwezi huo wa kwanza usiwaachie. Waweke pamoja na koo, yaani mama yao, ndani ya tenga kubwa au kizimba chenye wavu juu, kihamishwe kila siku mahali penye majani mapya. Ukiwalisha humo wanakua haraka kuliko wanaokimbizana na mama yao kutwa nzima.

Wakianza kutoka, wape pa kujificha. Mwewe anahitaji anga wazi ili ashuke na kupanda tena kwa mwendo mmoja. Migomba, mihogo, vichaka vya matete, hata meza fupi ya miti iliyoezekwa makuti, kimo cha goti, inavunja mwendo huo. Vifaranga hujifunza upesi sana kukimbilia hapo. Kamba zilizopitishwa juu ya uwanja na kufungiwa vipande vya plastiki au santuri za zamani zinazometa husaidia pia, ila uzihamishe kila baada ya siku chache, kwani mwewe huzoea.

Msikilize jogoo. Akiona hatari ya angani hutoa sauti moja ndefu, na kundi lote hujibanza au kukimbilia kivulini. Akiona mnyama wa chini, mbwa au nyoka, huanza kupiga kelele za kukatakata bila kukoma. Anayeishi na kuku akizijua sauti hizi mbili, hutoka jikoni akijua kabisa aangalie juu au chini. Jogoo mwenye macho makali asichinjwe ovyo.

Kupaka vifaranga rangi ya zambarau au ya waridi ni jambo la kawaida vijijini, na wanaofanya hivyo huapa kuwa mwewe huwaogopa. Haliwadhuru kama rangi si ya sumu, lakini usiliache liwe ulinzi wako pekee. Na jambo moja ambalo watu hulisahau: ukichinja, usitupe matumbo uani. Mwewe hula mizoga na mabaki, na ukimzoesha kuja kwako kwa matumbo, atawaona na vifaranga.

Na kunguru?

Hilo ni tatizo la Pwani zaidi: Unguja, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Malindi. Kunguru mwenye shingo ya kijivu si wa kwetu. Aliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 ili ale taka za mji, akaenea. Hula mayai na vifaranga, na huja kwa makundi: mmoja humvuta koo upande mmoja, mwingine hunyakua nyuma yake. Kamba hazimtishi kwa muda mrefu kwa kuwa ana akili sana. Dawa ni kizimba chenye wavu juu hadi vifaranga wakue, viota ndani ya banda, na taka za jikoni kufukiwa.

Nyoka anakula mayai. Nimwagie mafuta ya taa?

Usitegemee mafuta ya taa, kitunguu saumu wala kiberiti cha unga. Harufu huisha, nyoka huja. Kinachomleta ni mayai, panya na pa kujificha, basi ondoa hivyo vitatu. Okota mayai kila siku mchana na jioni. Fyeka nyasi mita mbili au tatu kuzunguka banda, na rundo la matofali, kuni au mabati ya zamani lihamishwe mbali. Kiota kiwe kimeinuka na kinaonekana ndani: usiwahi kuingiza mkono kwenye kiota chenye giza bila kumulika. Swila hupenda kujikunja humo. Baadhi yao hutema sumu. Ikiingia machoni, osha kwa maji mengi safi mara moja na uende hospitali.

Ukimkuta bandani, toa watoto na mbwa, usimkabili kwa fimbo. Piga simu kwa anayejua kazi hiyo, au mpe nafasi ya kuondoka. Kenge hukimbia akimwona mtu na hana sumu ya kukutisha, ila akibanwa kona mkia wake unachapa vibaya.

Panya wanaweza kuua vifaranga kweli?

Wanaweza, na hufanya hivyo usiku bila kelele. Kifaranga huvutwa hadi kwenye tundu. Ukichimba unakuta miguu na manyoya. Chakula kitiwe kwenye pipa la bati lenye mfuniko, masalia yaondolewe jioni, na sakafu ya vifaranga iwe saruji au wavu wa nusu inchi. Tumia mitego ya kubana, iwekwe ndani ya boksi ambamo kuku hafiki. Sumu ya panya iache: panya aliyekula sumu hutoka akiyumba, kuku au paka humla, nawe unapoteza wawili.

Mvua zikianza siafu huvamia. Nitawazuiaje?

Siafu wakiingia usiku hakuna muda wa kufikiri. Koo anayeatamia hatoki juu ya mayai yake. Hukaa pale pale akiliwa. Ukisikia kuku wanarukaruka na kupiga kelele gizani, mulika chini kwanza. Fungua mlango wote, watoe kuku kwa mkono, anza na walioatamia na vifaranga, wapeleke mbali na mstari wa siafu. Kisha wapangusie siafu waliong'ang'ania machoni, chini ya mbawa na sehemu ya haja. Usiwapake mafuta ya taa, yanaunguza ngozi. Mara nyingi msafara hupita wenyewe baada ya saa kadhaa.

Kwa kinga, banda la nguzo ndilo linalosaidia zaidi. Kila mguu wa banda usimame ndani ya kopo lenye oili chafu, na kopo hilo likingwe na mvua. Majivu makavu kuzunguka banda nayo hufaa, ila mvua moja tu inayafuta, na siafu hupenda majira ya mvua.

Nitege nyama yenye sumu nimalize tatizo?

Hapana. Anayekufa kwanza huwa ni mbwa wako au wa jirani, kisha tumbusi wanaokula mzoga. Kenya imeliona hili kwa uchungu: dawa ya wadudu ya karbofurani, maarufu Furadan, iligeuzwa chambo cha kuulia simba na fisi, ikamaliza na tumbusi, hadi ikaondolewa sokoni mwaka 2009. Sheria nazo zipo. Tanzania wanyamapori wanalindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009, na Kenya na sheria ya mwaka 2013. Mnyama akikusumbua kupita kiasi, anza kwa mtendaji wa kijiji au chifu, afikishe kwa ofisa wanyamapori.

Hata ukimuua, eneo lake halibaki wazi. Mwingine huhamia, na tundu lako bado lipo. Isitoshe, kanu na nguchiro hula panya na nyoka katika mashamba yako. Wakikosa njia ya bandani, uwepo wao ni faida.

Mbwa, kanga, taa ya sola: kipi kinafaa?

Mbwa aliyekuzwa na kuku tangu mdogo ndiye bora, akiwa huru usiku. Aliyefungwa mnyororo upande wa pili wa nyumba anabweka tu. Kanga wana macho na kelele, wataamsha mtaa mzima, lakini hawapigani na mtu. Taa za sola zinazowaka mnyama akipita hufukuza kwa majuma machache, kisha huzoeleka. Sanamu ya shambani usinunue.

Mbwa wa jirani ndiye anayeua.

Piga picha, mwite jirani aone mwenyewe kabla hujazika, na mzungumze mapema mbele ya mjumbe au mzee wa mtaa. Kuku analipwa, ujirani ukiharibika ni shida kuurudisha.

Kuku aliyeuawa na kicheche anafaa kuliwa?

Kwa Mwislamu hicho ni kibudu, hakiliwi. Kwa wengine pia nasema acha: amelala na majeraha ya meno na matumbo yake usiku kucha katika joto. Zika kwa kina cha kutosha, au choma, ili harufu isimrudishe mnyama.

Aliyejeruhiwa lakini yu hai, mtenge mahali pa giza na utulivu, osha jeraha kwa maji yenye chumvi kidogo, na uzuie nzi. Kundi lililobaki linaweza kuacha kutaga kwa wiki kadhaa kwa hofu. Wasichinjwe kwa sababu hiyo.

Nguchiro ameniuma nikimtoa bandani. Ni hatari?

Ni hatari. Nguchiro, mbweha na mbwa wanaweza kuwa na kichaa cha mbwa, na mnyama wa porini asiyeogopa mtu ni wa kushukiwa zaidi. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Usisubiri dalili, maana zikishaanza ugonjwa huu karibu kila mara huua.

Niko Marekani, nafuga kuku uani. Hapa adui ni rakuni. Mambo ni yale yale?

Banda ni lile lile, mlango ni tofauti. Rakuni, mnyama wa usiku wa huko, ana vidole kama vya mkono wa mtu na hufungua ndoano, komeo la kusukuma na kamba. Tumia kufuli, au komeo la chuma linalohitaji hatua mbili kufunguka. Hupitisha pia mkono kwenye wavu mpana na kumvuta kuku kipande kwa kipande, kwa hiyo nusu inchi huko si anasa, na fito za kulalia zikae mbali na ukuta wa wavu. Usiache chakula cha paka nje. Kinyesi chake huwa na mayai ya minyoo hatari kwa watoto. Vaa glavu ukisafisha. Mwewe wa huko wanalindwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1918, hivyo usiwaguse, funika uwanja kwa wavu. Majimbo mengi hayaruhusu kumkamata rakuni na kumwachia kwingine, na miji mingi inaruhusu mitetea lakini si jogoo, basi uliza ofisi ya mji wako kabla ya kununua vifaranga.